Kikao cha bima ni Ijumaa: niseme kuhusu IVF au ninyamaze?

Mchimba_Kisima
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, mnivumilie maana ni refu.

Nina miaka 37, mke wangu 34, tunaishi Morogoro, ndoa ina miaka sita. Mtoto hatujapata. Miaka minne ya mwanzo kila mtu alijua tatizo ni la mke wangu, mimi mwenyewe nikiwamo. Alipimwa kila kitu: ultrasound, homoni, na kile kipimo cha kupitisha dawa kwenye mirija, ambacho alitoka amejikunja akishika ukuta. Mirija ikaonekana wazi, mayai yapo. Daktari akauliza, "Na baba naye ameshapima?" Mke wangu akanitazama. Mimi nikawa nasoma kalenda ya ukutani.

Nikapima. Mbegu milioni 2 kwa mililita, wakati kiwango cha chini wanachokihesabu ni kama milioni 16. Nikarudia baada ya miezi mitatu, ikashuka zaidi. Tukaambiwa njia yetu ni IVF (upandikizaji mimba, yai linarutubishwa maabara), ile ya kuchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai. Kliniki moja ya binafsi Dar ilitutajia milioni 15 kwa raundi moja, na raundi yenyewe inaweza isishike. Nikatoa kadi ya bima. Dada wa kaunta hata hakuipitisha kwenye mashine. "Kaka, hii haimo."

Sasa njooni kazini. Tuko wafanyakazi 110 hivi, tuna bima ya kundi, mkataba unaisha, na mwajiri katuambia tupendekeze cha kuongeza kabla hajasaini upya. Juzi kwenye grupu la WhatsApp mtu mmoja (si mimi) akarusha wazo kwamba matibabu ya ugumba yaingizwe. Majibu yalivyomwagika! "Yaani tuwalipie watu watoto?" "Miwani yenyewe tunapewa fremu moja kwa miaka miwili." "Mtoto ni majaliwa, bima ni ya magonjwa." Aliyeandika hiyo ya mwisho mke wake kajifungua kwa upasuaji mara tatu, kwa kadi hii hii.

Kikao ni Ijumaa. Nikisimama kutetea, watajua ni mimi. Na Moro mji mdogo, habari itafika kwa mama yangu kabla sijafika nyumbani. Niseme au ninyamaze nianze kuuza kiwanja?

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Unasema habari "itafika" kwa mama yako. Kwa hiyo umejua miaka miwili, na mama yako na mawifi bado wanamhesabia mkeo miezi? Hiyo ya kikao nitaijibu ukishanijibu hii.

Ngosha_wa_Igoma
Mkuu pole sana, ila mimi niko upande wa wanaopinga, acha niseme ukweli wangu. Nina watoto wanne. Kikomo chetu cha wagonjwa wa nje kinaisha mwezi wa nane, Septemba mpaka Desemba nalipa dukani kwa mfuko wangu. Kazini kwetu kuna mzee anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Milioni 15 ya raundi moja, ambayo inaweza isishike, uniambie itoke kwenye mfuko huo huo? Mtu hafi kwa kukosa mtoto. Sikuchukii, ila nikipiga kura naanza na huyo mzee.

Mama_wa_Matarajio
@Ngosha_wa_Igoma "hafi". Umewahi kuachwa kwa sababu hiyo? Mimi niliachwa. Kuna siku mama mkwe alinipa chakula kwenye sahani ya plastiki ya watoto, eti ndiyo inayonifaa. Hakuna kadi iliyolipia hayo. Na mwenye kisukari hatumuulizi alikula nini mpaka akapata sukari, tunalipa tu. Kwetu ndiyo tunaulizwa: ulitoa mimba? ulichelewa? ulisoma sana?

Kalamu_ya_Bima
Nipo kwenye hii sekta, nisaidie kidogo. Hoja ya @Ngosha_wa_Igoma si ya roho mbaya, ila hesabu yake ina tundu. Hakuna kampuni itakayoweka milioni 15 bila kikomo. Kinachofanyika ni kikomo chake peke yake, tuseme milioni 4 au 5 kwa familia, na hakigusi kikomo cha wagonjwa wa nje wala cha kulazwa. Mzee wa figo anabaki na chake.

La pili: msikubali kiwe cha hiari. Ukiambiwa "anayetaka aongeze ada", watajiunga wale tu wanaojua watakitumia, ada inapaa, na mwaka unaofuata kinafutwa kwa kisingizio cha hasara. Kikiwa cha wote 110, mzigo wa kila mmoja unakuwa mdogo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba kama mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Fanya hesabu ya ofisi yenu halafu tazama nani yuko kimya kwenye grupu. Tena wengi wao hawatahitaji IVF, watahitaji vipimo na dawa.

La tatu, na hapa ndipo watu wanapigwa: someni ukurasa wa visivyolipiwa, neno kwa neno. Kukiandikwa "uchunguzi na matibabu ya ugumba", hata kipimo cha mbegu kimekwenda. Kukiandikwa "upandikizaji wa mimba" peke yake, vipimo na upasuaji vina nafasi. Ulizeni pia muda wa kusubiri, na kama mliokuwa na tatizo kabla ya mkataba mmeachwa nje. Wakikukatalia, omba barua. Neno la dada wa kaunta si uamuzi wa kampuni.

Nesi_wa_Zamu
Naongeza moja ambalo sijaona likiulizwa. Kaka, ulionwa na daktari wa mfumo wa mkojo, au ulitoka maabara moja kwa moja ukaenda kliniki ya IVF? Wanaume wengi wenye mbegu chache wana mishipa iliyovimba kwenye korodani. Hiyo ni hali inayopasuliwa kama hali nyingine yoyote, na bima kadhaa huilipia kama upasuaji bila kuuliza habari za mtoto. Si kila mtu anafaidika, lakini usitoe milioni 15 kabla hujakaguliwa kwa mkono wa daktari. Kama kuna mtu gym amekuchoma sindano za testosteroni, mwambie daktari, zile zinazima uzalishaji wa mbegu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo baada ya mabadiliko yoyote subiri muda huo kabla ya kurudia kipimo.

Ulizieni Muhimbili pia, siku hizi upandikizaji mimba upo hospitali ya umma. Na hizo chupa za mitishamba za "nguvu na uzazi" ziache.

Mbeba_Boksi_Birmingham
Msidhani huku ni peponi. Uingereza ndiko alikozaliwa mtoto wa kwanza wa IVF, mwaka 1978, na mpaka leo wanagombana nani alipiwe. Mwongozo wa kitaifa unasema mwanamke wa chini ya miaka 40 apewe raundi tatu. Eneo letu wanatoa moja. Mke wangu alinyimwa hata hiyo moja kwa sababu mimi nina binti niliyemzaa Tanga kabla ya kumuoa. Mtoto wangu mimi, ananyimwa yeye! Ufaransa wanalipia raundi nne mpaka mama afikishe miaka 43. Israeli wanalipia mpaka mpate watoto wawili. Wanaolipa kodi huko pia wananung'unika, hakuna nchi ambayo watu walikaa kikao kimoja wakakubaliana.

Ustadh_Mpole
Kwa wanaosema ni kuingilia kazi ya Mungu: Mufti wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 kuruhusu, ilimradi mbegu na yai ni vya mume na mke walio ndani ya ndoa. Wakatoliki msimamo wao ni tofauti, Vatikani waliikataa kwa maandishi mwaka 1987. Asiyetaka asifanye. Ila "majaliwa" tusiyatumie kwa mwenzetu tu, wakati sisi kichwa kikiuma tunatafuta panadol.

Ngosha_wa_Igoma
@Kalamu_ya_Bima hiyo ya kikomo tofauti sikuijua. Nikiona kwa maandishi kwamba cha wagonjwa wa nje hakiguswi, sipingi. Sishangilii, ila sipingi.

Bi_Mkubwa_Tanga
Bado nasubiri jibu langu.

Mchimba_Kisima
Wakuu, leo Jumapili, naleta mrejesho.

Bi Mkubwa, nilikwenda kwa mama Alhamisi jioni. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia mwenye tatizo ni mimi, si mke wangu. Aliendelea kuchambua kama dakika nzima, kisha akauliza, "Ni yale matumbwitumbwi ya kidato cha kwanza?" Nilishasahau kabisa. Nililala wiki mbili, na kule chini nilivimba, nikaona aibu kusema. Yeye alikuwa anakumbuka. Daktari sijawahi kumtajia, nitamtajia. Usiku mama akampigia mke wangu, wakaongea muda mrefu, sijaambiwa walichoongea na sijauliza.

Ijumaa nilisimama. Sikusema habari zangu zote, nilisema "sisi tulio na tatizo hili", basi, ukumbi ukaelewa. Yule wa upasuaji mara tatu alikaa anachezea kalamu. Vipimo vya mume na mke vimepita, pamoja na upasuaji. IVF haijapita wala haijakataliwa: HR anataka bei kutoka kampuni tatu, zenye kikomo tofauti kama alivyoeleza Kalamu, ziwe mezani Jumatano.

@Kalamu_ya_Bima, nimekutumia ujumbe binafsi. Naomba unisaidie kuandika hiyo barua ya maombi ya bei, maana nikiandika mwenyewe wataniwekea ile ya hiari.