Jaribio la siku nzima Uluguru tukiwa na mashanta: mwenzetu mwenye mwendo wa polepole tumfanyeje?

Mkazi wa Tabata

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Mwezi wa Agosti mimi na marafiki zangu tunakusudia kutembea kwa miguu siku kadhaa katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae. Kabla ya hapo tungependa kupanda kilele cha Lupanga, kule Uluguru, kila mmoja akiwa amebeba shanta lenye uzito uleule atakaokwenda nao Usambara. Tulifikiri kupanda treni ya SGR Jumamosi asubuhi na kurudi Dar usiku huohuo. Wawili kati yetu ni wepesi mno. Mmoja ana mwendo wa polepole, naye amekwisha kusema kwamba ni afadhali abaki nyumbani kuliko kutuchelewesha. Je, tugawanyike makundi mawili, au kuna utaratibu bora zaidi?

Babu Kihonda

Marahaba, mwanangu. Nianze na saa, kwa sababu hizo ndizo zitakazowaponza kabla ya huyo mwenzenu. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Lupanga inazidi mita 2,100, kwa hiyo mna mwinuko wa mita 1,600 hivi. Mskochi mmoja, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Mwinuko peke yake unakula zaidi ya saa mbili na nusu, na kanuni hiyo haihesabu mapumziko, wala mizizi na tope la msitu wa Uluguru, ambako kuna mahali mtapanda kwa mikono na miguu. Treni, hata iwe na kasi gani, itawafikisha jua likiwa limekwisha kupanda. Njooni Ijumaa, mlale mjini, muanze kupanda saa kumi na mbili asubuhi.

Kubalianeni mapema kwamba ikifika saa saba mchana mnageuka, hata kama kilele mnakiona. Jua linatua mapema jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Msitu huo ni hifadhi, kwa hiyo shughulikieni kibali na mwongozaji wa pale kabla ya siku yenyewe, msije mkapoteza asubuhi mkisubiri kumbukumbu namba ya malipo.

Dada wa Mbezi

Naunga mkono aliyoyasema Babu, nami nitajibu lile la mwenzenu. Kugawanyika msigawanyike kabisa: kundi la mbele likifika penye njia panda, hakuna atakayejua la nyuma limeshika ipi. Wengi hushauri mwenye mwendo wa polepole awekwe mbele kabisa, lakini mimi sikubaliani nao, maana mtu anayesikia pumzi za wenzake kisogoni hujilazimisha, na kabla ya saa nne amekwisha kuchoka. Awe wa pili, nyuma ya mtu mtulivu anayetembea kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kuhema. Hao wepesi wawili wabebe chakula cha wote na hema, ili wepesi wao upate kazi ya kufanya.

Lita moja ya maji ni kilo moja, na kila mtu anahitaji si chini ya tatu, kwa hiyo hesabuni maji kabla ya nguo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, na mkanda wa kiuno ukazwe juu ya mifupa ya nyonga. Ukikazwa tumboni, uzito wote unarudi mabegani. Maji ya vijito msiyanywe bila kuyachemsha, kwa kuwa chini ya msitu kuna mashamba na makazi. (Sisi wa Dar tunayanywa kila siku bila kujua, maana Ruvu unaanzia milima hiyohiyo, ila yetu yanapitia mitamboni kwanza.)

Mkazi wa Tabata

Nashukuru sana. Tutakwenda Ijumaa, na mwenzetu nimekwisha kumwambia kwamba nafasi yake ni ya pili. Je, fulana za pamba tulizozoea kukimbilia ufukweni zitafaa?

Babu Kihonda

Za kupandia si mbaya, lakini ikilowa jasho haikauki, na kule juu huwa kuna baridi ya nyuzi kumi au zaidi chini ya joto la Dar, hasa kipupwe hiki. Kila mmoja awe na fulana kavu na koti la mvua, vyote ndani ya mfuko wa nailoni, juu kabisa ya shanta. Abadilishe mara tu mnapofika kileleni, kabla hajakaa kula.