Binti yangu ana kromosomu ya duara namba 22. Naomba ushauri, nipo Tandahimba

MamaZai
Habari zenu wakuu. Binti yangu ametimiza miaka mitatu. Shingo ilichelewa kukaza, kukaa alikaa akiwa ameshapita mwaka, kutembea ameanza juzijuzi na bado anayumba. Haongei. Alikuwa na maneno mawili, "mama" na "maji", nayo yakapotea. Damu yake ilichukuliwa Dar ikapelekwa nje ya nchi, karatasi ikarudi imeandikwa 46,XX,r(22), yaani ni wa kike mwenye kromosomu 46, na moja ya namba 22 ni duara. Daktari alieleza kwa upole, ila siku ile kichwa changu kilishika neno moja tu, kwamba haina dawa ya kuiondoa.

Nyumbani kila mtu ana lake. Ukweni wanasema ni damu ya upande wangu. Mjomba, na kwetu Wamakonde mnajua sauti ya mjomba kwa watoto wa dada yake, anataka twende kwa mganga Newala. Bibi yake anasema tumfukie mchangani hadi kiunoni miguu ipate nguvu. Mimi na baba Zai tunatamani mtoto mwingine lakini tunaogopa. Na kinachoninyima usingizi zaidi: wiki hii ameshika sufuria ya moto na hakulia. Lengelenge nimeliona jioni namwogesha.

Ni kweli imetoka kwangu? Na nianzie wapi?

Mwana_Lukuledi
Pole sana dada. Mola amfanyie wepesi mtoto. Nafuatilia.

Tabibu_Kusini
Mama Zai, pole. Soma taratibu, ikibidi msomee na mjomba.

Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, jozi 23, ndizo nyuzi zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi. Kila moja ina ncha mbili, kama kipande cha kamba. Kwa Zai, ncha zote mbili za namba 22 moja zilikatika, kilichobaki kikajiunga kikawa duara, na vipande vya ncha vikapotea. Kinacholeta shida kubwa kwa kawaida ni kile cha mwisho wa mkono mrefu, yaani upande mrefu wa kromosomu, kwa sababu hapo ndipo ilipo jeni ya SHANK3, ambayo seli za ubongo huihitaji ili zipokezane ujumbe vizuri. Mtoto akibaki na nakala moja ya jeni hiyo badala ya mbili analegea misuli, anachelewa hatua, na kuongea ndiko kunakoathirika zaidi. Wengine hupoteza maneno waliyokuwa nayo, kama Zai. Hali hiyo inaitwa Phelan-McDermid. Wapo wenye dalili za usonji, wapo wanaopata kifafa. Kipande kilichopotea hakilingani kwa watoto wote, kwa hiyo usikubali mtu akutabirie Zai atafika wapi.

Kuhusu lawama: mara nyingi duara hutokea lenyewe yai au mbegu inapotengenezwa, au mwanzoni kabisa mwa mimba. Si chakula ulichokula, si kazi uliyofanya, na hakuna aliyekuroga. Mara chache mzazi huwa nalo bila kujua, awe mama au baba. Kwa hiyo kabla ya mimba nyingine mpimwe kromosomu wote wawili. Mkikutwa hamna, uwezekano wa kujirudia ni mdogo sana, ingawa haufiki sifuri. Majibu hayo ndiyo ya kuwaonyesha ukweni.

Sufuria sasa. Wengi wenye hali hii hawasikii maumivu kama sisi. Mkague mwili mzima kila jioni: nyayo, vidole, masikio, mdomoni. Akinyong'onyea au akikataa kula bila sababu, usisubiri alie ndipo umpeleke hospitali. Lengelenge hilo usilitumbue wala kulipaka dawa ya meno, kesho lipelekwe zahanati.

MamaPacha_Masasi
Shoga, mwanangu ana mtindio wa ubongo, si duara, lakini naye hutia kila kitu mdomoni. Zai akiwa hivyo, msimu ukifika usimwache karibu na korosho ghafi. Najua zinaanikwa uani kwa kila mtu. Yale mafuta ya kwenye ganda yanababua ngozi na midomo, na mtoto asiyesikia maumivu atatafuna mpaka mwisho. Anikeni kwa jirani au zungushieni uzio.

Viungo_Mtwara
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo. Bibi ana nia njema, ila mchanga hapana. Watoto hawa wengi pia hawatoi jasho vizuri, na kwa joto la huku mtoto aliyefukiwa juani atapanda homa, nao mchanga wa moto utamuunguza akiwa kimya. Bibi mpe kazi nyingine: amsimamishe Zai akiwa ameshika kigoda kivulini, mara kadhaa kwa siku, na maji ya kunywa yawe karibu.

Kuongea, msisubiri sauti. Chagueni ishara chache za mkono, "kula", "maji", "basi", na nyumba nzima itumie zilezile. Ishara hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kuongea.

Chikoti
Msidharau mila, kuna watu wamepona kwa waganga.

Tabibu_Kusini
Chikoti, dua na heshima kwa wazee sina ugomvi nazo. Ila hakuna mzizi unaofungua duara, na mtoto huyu akichanjwa chale hatalia hata zikioza. Hapo mjomba aambiwe wazi.

Mama Zai, nilisahau jambo. Duara la 22 wakati mwingine hupotea seli zikigawanyika, na kwenye hiyo kromosomu kuna jeni ya NF2 inayozuia uvimbe. Ndiyo maana wenye duara hili hufuatiliwa: usikivu upimwe mara kwa mara, na akikua daktari atapanga MRI, kipimo cha picha ya ndani ya kichwa. Figo nazo ziangaliwe kwa ultrasaundi. Akianza kukodoa macho na kuduwaa, huenda ni kifafa, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari.

MamaZai
Asanteni, nimemsomea baba Zai yote. Bima hatuna. Nikienda Hospitali ya Kanda pale Mtwara niombe nini?

Viungo_Mtwara
Omba kliniki ya watoto, uwaambie unataka mazoezi ya viungo na rufaa ya Muhimbili kwa ajili ya kile kipimo cha kromosomu chenu wazazi. Ustawi wa jamii waone siku hiyohiyo kuhusu gharama. Beba kadi ya kliniki na ile karatasi ya majibu, nakala mbili, halisi usimwachie mtu.