Laptopu kwenye amplifaya ya mzee: inavuma!

Wakuu, nimerithi amplifaya ya marehemu baba, ya miaka ya 1980, na spika mbili za mbao. Nimetoa waya tundu la hedifoni la laptopu hadi palipoandikwa PHONO. Taarabu inakwaruza, besi imefunika kinanda, na kuna "mmmm" hata wimbo ukisimama. Mafaili ni FLAC, zile zisizopunguza ubora wa sauti, siyo MP3 za kuungaunga. Nakosea wapi?

JIBU: Pole mkuu. PHONO ni ya santuri tu. Sindano hutoa umeme kiduchu, hivyo hapo unakuzwa kama mara 100, na besi iliyopunguzwa wakati wa kuchonga santuri inarudishwa. Hamia AUX au TAPE IN. Siyo TAPE OUT, hiyo inatoa, haipokei.

MUULIZAJI: Aisee! Fidla naisikia mpaka upinde unavyosugua nyuzi. Mvumo umepungua, ila upo.

JIBU: Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukikata, ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unazunguka kati ya vifaa viwili kupitia nyaya zao za ethi. Jaribu vyote kwenye ekstensheni moja. Sauti ya laptopu iweke juu, punguza kwa kitasa cha amplifaya. Baadaye tafuta DAC ya USB (kidude cha nje kinachogeuza data ya wimbo kuwa sauti), ya kawaida tu. Usidanganywe na kilohezi 192, yaani sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde. CD ni 44.1 na masikio yetu haya yanatosheka.

MUULIZAJI: Nimechomoa chaja, kimya kabisa. Mama katoka jikoni na mwiko mkononi, anauliza nani kawasha redio ya baba.