Aliyeokoka jana: tuanze na mavazi au tuanze na mizani?

Mwalimu wa Tororo
Bwana asifiwe wapendwa. Tunaandaa masomo ya majuma sita kwa walioamini karibuni, wengi wao wachuuzi wa soko na vijana wa boda. Shida ni kwamba mwezi haujaisha mtu ameshajua nguo ipi inakubalika, pombe ameacha, "Bwana asifiwe" haikauki mdomoni, ila kopo la kupimia maharagwe ni lile lile lenye kitako kilichobonyezwa. Majuma mawili ya kwanza niweke nini ili imani ishuke moyoni? Nataka mazoezi, hotuba tunazo za kutosha.

Mama Mizani
Mwalimu, jibu umelitaja mwenyewe: kopo. Anza hapo.

Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuulizwa habari za kanzu yake. Mwenyewe alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne (Luka 19:8). Mara nne ndiyo fidia ya kondoo aliyeibwa katika Kutoka 22:1. Kwa mwanafunzi mpya tumia Walawi 6:5, ambayo ni nyepesi: kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Aliyekula 50,000 za mwenzake arudishe 60,000. Tazama pia mpangilio wa sura ile: mwenye mali analipwa kwanza, sadaka inafuata.

Juma la kwanza kila mtu aandike, peke yake, majina ya aliowadhulumu. Karatasi hiyo kiongozi asiione kabisa; ikionwa tu, watu wataanza kuandika dhambi za kupendeza. Juma la pili achague jina moja lenye deni dogo, aende ana kwa ana na fedha mkononi, aseme alichofanya bila kuweka "lakini". Kama hana fedha, wapatane 5,000 kila Jumamosi na waandikiane.

Wateja wa sokoni hawajulikani majina. Hapo kopo linanyooshwa kwanza, kisha akadirie alichopunja na kuwapa maskini. Wasipewe viongozi wa kikundi, tafadhali. Mtego huo tunaujua.

Mzee wa Mlimani
Nakubaliana na Mama, naongeza historia. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda ulijulikana kwa jambo hili hili: Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, walikiri na kurudisha walivyoiba. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia Mukono, William Nagenda akiwa kinara wao, na moja ya makosa yao ilikuwa kuamka alfajiri kuhubiri wakati uongozi umekataza. Lakini watu hao hao waliopinga dini ya mazoea, baadaye wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Waliojiita walioamka upya waliwabana wenzao juu ya mitindo ya mavazi na kuchukua mikopo. Kwa hiyo, mwalimu, hata kurudisha mali kunaweza kugeuka sare. Dalili yake ni mtu ambaye kila Jumatano anasimulia kikundini alichorudisha.

Na kukiri hadharani kuna mpaka. Mtu akiri lililo lake, asitaje mwenzake. Zinaa haitangazwi mbele ya watoto wa mhusika. Na akitokea aliyemdhuru mtoto, hilo halimaliziki kwa maombi ya kikundi. Polisi wapewe taarifa siku hiyo hiyo.

Katekista
Samahanini, mnayapiga vita matendo ya nje ya mwili kupita kiasi. Bwana alipowakemea waliotoa zaka ya mnanaa na kuacha adili, rehema na imani, alisema haya yafanywe na yale yasiachwe (Mathayo 23:23). Kupiga magoti si unafiki. Unafiki ni kupiga magoti kwa ajili ya anayetazama, na neno lenyewe katika Kigiriki lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani.

Mathayo 6 inataja matatu: sadaka, sala, kufunga. Geuza kila moja liwe zoezi la siri. Sadaka: bahasha zisizo na jina kwa majuma yote sita; wawili wahesabu pamoja na kuandika jumla tu, maana siri isiwe mlango wa wizi. Sala: dakika kumi, mlango umefungwa, zaburi moja kwa sauti, hata Zaburi 88 inayoishia gizani, ili wajifunze kumwambia Mungu ukweli badala ya maneno ya kanisani. Kufunga: chakula cha mchana siku moja kwa juma. Bei ya posho (ugali) na maharagwe aliyoacha, tuseme 4,000, inapelekwa kwa nyumba isiyo na chakula, kama Isaya 58:7 inavyotaka. Fedha ikibaki mfukoni, amebana matumizi tu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye dawa za sukari wasifunge.

Mwalimu wa Tororo
Asanteni sana. Mama, na kama aliyedhulumiwa amekufa?

Mama Mizani
Warithi. Mjane kwanza, kisha watoto. Asimpe shemeji "awafikishie".