Tupeane uzoefu: Uliagiza kamera au lenzi ya mtumba kutoka nje, ukakutana na bili gani forodhani?

LenziKuukuu (Morogoro)

Wakuu, jana nilipita posta kuchukua barua za ofisini, nikamkuta kijana mmoja kasimama dirishani na kile kikaratasi cha kuitwa kuja kukagua kifurushi. Kifurushi cha lenzi, kutoka Japani. Anamuuliza dada wa dirishani, "Sasa hii hela nyingine ni ya nini, mbona nilishalipa kila kitu kule?" Sauti ile naijua kabisa. Ni sauti yangu ya mwaka 2019.

Mimi niliagiza Helios 44-2, ile lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, kwa muuzaji wa Ukraine. Dola 45, na kuituma dola 18. Nikajisemea kitu cha dola 45, na cha zamani kuliko mimi, nani atakigusa? Kilichonikera zaidi ya kulipa ni kwamba nilikwenda na nauli tu mfukoni, nikarudi Msamvu mikono mitupu, nikaenda tena kesho yake.

Kila mwenye kisa chake aweke hapa. Na kiasi akitaje, maana vijana wanaagiza kila siku wakiwa gizani.

Bokeh Tanga

Yamenikuta. Nilikuta kodi inazidi nauli ya mzigo mara tatu.

Mama Shata

LenziKuukuu umenikumbusha mbali. Ngoja niseme lote, kisha nipumzike.

Desemba 2021. Msimu wa harusi, mnaujua. Nilikuwa nakodi lenzi ya 70-200 f/2.8 kila wikiendi kwa 50,000, nikapiga hesabu nikaona bora niwe na yangu. Nikaipata Japani, ya mtumba, dola 690. Kwa dola ya wakati ule ni kama 1,587,000. Hela nilitoa kwenye mchezo, zamu yangu ilikuwa imefika. Nikalipia na usafiri wa haraka ili Jumamosi ya harusi ya Kibaha niwe nayo mkononi.

Jumatatu napigiwa simu na kampuni ya vifurushi (siitaji): "Mzigo wako umefika, tuma TIN (namba yako ya mlipakodi), na bili tunakutumia." Bili ikaja kwenye simu, mstari mmoja tu: 1,163,000. Nilikaa chini kwenye ngazi za studio. Mteja wangu anatoka na picha zake za pasipoti ananiuliza, "Dada, umefiwa?"

Nikawaomba mchanganuo. Kwanza hawakutaka. Nikawaambia silipi hata shilingi mpaka nione nalipia nini. Ukaja: kodi 806,000, na 357,000 ni zao wenyewe. Ada ya ugomboaji, "ada ya nyaraka", tozo ya kuhifadhi mzigo. Na kwenye kodi nikagundua kitu, thamani ya lenzi imeandikwa dola 1,100! Wakati invoisi ipo, na imebandikwa juu ya boksi.

Nikapanda daladala kwenda uwanja wa ndege. Afisa aliyekuja kukagua alikuwa mtulivu, hilo sitamnyima. Akalifungua boksi mbele yangu. Lenzi imeviringishwa magazeti ya Kijapani, pembeni vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Akaishika, akaizungusha ringi ya zumu, ikateleza kama siagi. Akasema, "Mama, hii ni mpya." Ndugu zangu, nilianza kuitukana lenzi yangu mwenyewe. Nikamwonyesha mkwaruzo karibu na mguu wa kufungia stendi. Nikamwonyesha raba ya ringi imeanza kuwa nyeupe. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia achungulie ndani, aone vumbi mle kwenye kioo cha nyuma. Kitu nilichokiota miezi nane, nimesimama pale nakitafutia aibu zake moja baada ya nyingine.

Nikampa na risiti ya malipo ya benki, na skrinishoti ya tangazo lenyewe ambalo muuzaji ameandika kasoro zote. Alivisoma. Kesho yake thamani ikarudi dola 690, kodi ikashuka mpaka 506,000. Laki tatu nzima imeondoka kwa sababu nilikuwa na karatasi mkononi. Ila zile za kampuni hazikushuka, na siku mbili za kubishana wakaniongezea stoo 38,000. Ijumaa jioni nikalipa 901,000. Zaidi ya nusu ya bei ya lenzi.

Harusi nilipiga nayo. Picha ya bibi harusi anashuka kwenye gari bado imetundikwa studio. Lakini kodi ya serikali mimi sina ugomvi nayo, ukiniambia mapema nitajipanga. Kilichoniumiza ni ile 357,000 ambayo hakuna aliyenitajia siku nalipia usafiri.

Bokeh Tanga

Pole sana dada. Hiyo ya "ada ya nyaraka" hata mimi, nyaraka zenyewe nilizileta mimi.

Mjanja wa Kkoo

Mnajitesa bure. Mwambieni muuzaji aandike "zawadi", thamani dola 40. Mimi nimepitisha bodi tatu hivyo, kamera tupu bila lenzi.

Wakala Mstaafu

Mjanja, usiwapoteze watoto wa watu. Nimegomboa mizigo miaka 14. Nitasema mambo machache halafu niwaache.

Zawadi nayo ina thamani, neno hilo halifuti kodi. Na afisa haangalii karatasi peke yake, ana mamlaka ya kukataa thamani asiyoiamini na kutumia ya bidhaa inayofanana nayo. Ukiandika dola 40 kwenye kamera ya dola 900 umemfungulia mlango akupangie yeye. Tamko la uongo ni kosa chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mzigo unaweza kutaifishwa. Na ukipotea njiani utalipwa fidia ya dola 40.

Hesabu inakwenda hivi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, inategemea bidhaa yako imeingizwa kwenye namba gani ya orodha ya ushuru. Bodi, lenzi, betri, stendi, kila kimoja kina namba yake. Msikubali mzigo wote uingizwe kwa namba moja kwa uvivu wa mtu. Juu ya thamani na ushuru ndipo inakuja VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 18 huku Bara. Kwa hiyo VAT inakaa juu ya ushuru, ndiyo maana hesabu zenu za kichwani hazilingani na bili. Kisha kuna vile vidogovidogo, tozo ya reli na ada ya kushughulikia forodha.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Jedwali la Nne la sheria hiyo linasema mzigo unaokuja kwa ndege, nauli yake haiongezwi kwenye thamani ya kutozea ushuru wa forodha. Kwa hiyo muuzaji aandike bei ya lenzi mstari wake na nauli mstari wake. Akiandika jumla moja, umeula wa chuya.

Mjanja wa Kkoo

Mawakala ndio mliotufikisha hapa. Hiyo 357,000 ya Mama Shata ilikwenda kwa nani kama si kwa wenzako?

Wakala Mstaafu

Wapo wanaoiba, sikatai. Ndiyo maana nimesema muombe mchanganuo. Wewe unawafundisha kudanganya, mimi nawafundisha kuuliza.

Mjanja wa Kkoo

Uliza wewe uliyestaafu. Mimi nafanya kazi.

LenziKuukuu (Morogoro)

Jamani, visa. Tuendelee na visa.

Mpwa wa Muscat

Nilikuwa nasoma tu, ila sasa lazima niseme. Mwaka 2022, mwezi wa Ramadhani. Nilinunua Sony A7 III ya mtumba kwa jamaa wa Muscat, na ndani ya dili hilohilo akanipa na droni yake ya zamani kwa bei ya kutupa. Shangazi yangu alikuwa anakuja Dar kusalimia, nikamwomba abebe. Mtu mzima, miaka sitini na kitu, kamera yenyewe hajui inawashwa wapi. Mimi kimya, sikumwambia kuwa kile cha kukunjwa miguu kinaruka.

Begi likapita kwenye mashine. Likarudishwa. Likapita tena.

Bokeh Tanga

Endelea mkuu.

Mama Shata

Usituache hapo tafadhali.

Mpwa wa Muscat

Samahani, nilikuwa na mteja. Kamera hawakuwa na shida nayo kubwa, waliuliza ni ya nani, imetumika au mpya. Droni ndiyo iliyoleta balaa. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiko wapi? Cha Wizara ya Ulinzi? Shangazi anajibu, "Ya mwanangu, ya kupigia picha harusi." Wakamwingiza chumbani. Mimi nje namsubiri, simu yake haipokelewi. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Nimemwona kila abiria wa ndege ile akitoka, mpaka kiti cha magurudumu cha mwisho.

Magharibi ikamkuta mle ndani. Amefunga tangu Muscat. Afisa mmoja mwanamke akamletea maji, naye Shangazi akafungua tende alizokuwa amemletea mama yangu, akafuturu pale kwenye benchi, akawakaribisha na wao. Ametoka saa moja na nusu usiku, ameshika kamera kifuani na karatasi ya kuonyesha kwamba droni imebaki. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia ni kitu gani?" Neno hilo linaniuma mpaka leo, na lina haki ya kuniuma.

Droni nilihangaikia miezi mitatu, nikashindwa. Shangazi alipoondoka akaruhusiwa kurudi nayo.

Picha za Pwani

Kaka, hiki kisa kina uzito kuliko bili yoyote.

Ghuba ya Mwanza

Wakuu ina maana droni ya mtumba kibali chake kinaombwa kabla haijaingia? Na ile ndogo kabisa nayo?

Mpwa wa Muscat

Kabla. Usijaribu kwanza ndipo uulize. Na usimbebeshe mzazi.

LenziKuukuu (Morogoro)

Droni tuifungulie uzi wake, naona maswali yanazidi. Turudi kwenye lenzi.

Binti Darajani

Mie langu la zamani, 2014. Nilinunua bodi Unguja, imeshalipiwa ushuru kihalali, risiti nnayo. Nimeshuka nayo Dar kwa boti, nnaambiwa nilipe tofauti. Tofauti ya nini na nchi moja? Nililipa nikalia. Mpaka hii leo nikisafiri na kamera nnabeba risiti yake kwenye pochi kama kitambulisho.

Msee wa Mvita

Huku Mombasa VAT ni 16, na bado kuna ada ya tamko la uingizaji na ada ya reli. Nilileta lenzi ya Nikon kutoka Uingereza, muuzaji akaniambia "bei haina kodi". Nilifikiri ni kodi yote, kumbe alimaanisha ya kwao. Mwulizeni muuzaji ni kodi ya nchi gani anayoisema.

Mmatumbi Houston

Ndugu zangu wa nyumbani msidhani ni kwenu tu. Huku Marekani tulizoea, mzigo chini ya dola 800 unaingia bila ushuru. Nimenunua lenzi za Japani miaka sita kwa raha. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha ule ukaondolewa kwa nchi zote. Siku mbili kabla yake Posta ya Japani ikasimamisha vifurushi vingi vya kuja huku. Lenzi yangu ya dola 240 iliyokuwa bado kwa muuzaji, ikabidi ije kwa kampuni binafsi, na mlangoni nikapewa bili ya ushuru pamoja na ada ya kampuni kunilipia ushuru huo. Ile ada ilikaribia ushuru wenyewe. Mama Shata nimekuelewa neno kwa neno.

Ghuba ya Mwanza

Bora kumpa mtu abebe mkononi.

Picha za Pwani

Umesoma kisa cha Shangazi au umekiruka?

Wakala Mstaafu

Kubeba mkononi si kosa, mradi kitangazwe na mbebaji ajue anachobeba. Na ninyi mnaotoka na vifaa vyenu kwenda kazini nje, viandikisheni kwa forodha siku ya kuondoka, namba za utambulisho (serial) za bodi na lenzi zote. Ukirudi bila karatasi hiyo unaweza kuonekana umenunua huko.

Mgeni_XT2

Habari wakuu. Nina Fuji X-T2 ya mtumba kutoka Osaka, dola 410. Ufuatiliaji unaonyesha imefika Dar siku nne sasa, haisogei, na sijapigiwa simu. Nisubiri?

Mama Shata

Usisubiri, stoo inahesabu. Wapigie wewe leo.

Wakala Mstaafu

TIN unayo? Watumie pamoja na invoisi, risiti ya benki na skrinishoti ya tangazo, vyote kwa barua pepe moja, kabla hawajakupangia thamani. Ukipata bili iweke hapa, futa jina lako na namba za simu kwanza.

Mgeni_XT2

Tangazo limeshafutwa kule. Nina picha tu alizonitumia muuzaji, moja inaonyesha idadi ya shata (mara ambazo kamera imepiga) 31,000.

Mama Shata

Hiyo hiyo ichapishe. Ya rangi.