MREJESHO: Mdogo wangu na ladha ya siagi

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza juu ya mdogo wangu wa hapa Kadutu, Bukavu, aliyeanza kikohozi kikavu tangu apewe kazi ya kuchanganya ladha ya siagi kwenye karakana ya biskuti.

Aliyetaja diasetili, kemikali inayotoa ladha ya siagi, alipatia: jina limeandikwa ubavuni mwa bidoni, kwa herufi ndogo. Ndiyo iliyohusishwa na ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, mwaka 2000. Hatari iko kwenye kuvuta mvuke wake, hasa ikipashwa moto.

Sasa wanamimina ikiwa baridi na kufunga bidoni papo hapo. Bosi alikubali haraka, maana hailipiwi! Feni ya kutoa hewa kakataa. Barakoa ya kitambaa haikufaa kitu, huzuia vumbi tu, na ile ya vichujio vya mvuke hatujaipata. Kilichosaidia ni kuhamishiwa kwenye kufungasha.

Kikohozi kimepungua, ila akipanda vilima vyetu bado anahema. Daktari amempima kwa kupuliza, na anataka arudie, kwani mirija midogo ya mapafu ikishapata makovu haifunguki kwa dawa ya pumu. Majibu yakitoka nitayaleta.