Kodi ya chakula South Dakota: mlipigaje kura? Tupeane uzoefu

Mama Neema: Wadau wa Sioux Falls, habari za jioni. Nimetoka dukani sasa hivi. Mchele, unga, mafuta, mapaja ya kuku, maziwa: dola 212. Kodi juu yake 13.14. Kwangu hiyo ni maziwa ya wiki nzima! Asilimia 4.2 ya jimbo, 2 ya mji. Novemba 2024 hoja namba 28 ilitaka kuifuta ile ya jimbo, karibu asilimia 69 wakakataa. Ilikuwa kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia, nikasema Ndiyo. Wenzangu je?

Kaka wa Kakuma: Dada, usinichape, nilipiga Hapana. Iliandikwa kodi isitozwe kitu chochote cha "matumizi ya binadamu", isipokuwa pombe na chakula kilichopikwa tayari. Nikamuuliza kijana wangu, hapa ni kula au kutumia? Akakuna kichwa. Waliopinga wakasema hata sigara na karatasi za chooni zitapenya humo. Nina watoto watatu shule za serikali, nikajiuliza hela za shule zitatoka wapi.

Binti Uvira: Mimi kura sina, bado nina kadi ya kijani ya ukaazi, si uraia. Ila tulipofika tulikuwa tunanunua kwa kadi ya msaada wa chakula, na sheria ya Marekani nzima hairuhusu kutoza kodi chakula kinacholipiwa kwa kadi ile. Sasa mume kapata kazi kiwanda cha nyama, msaada ukakatwa. Siku ya kwanza kulipa kwa hela yangu nilimgombeza mtoto wa kaunta, nikijua kaniibia. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa chini wa risiti, foleni yote inanitazama. Nilitoka na vitunguu vyangu kimya kimya.

Mzee wa Lori: Majimbo jirani, Minnesota na Iowa, yako pua na mdomo, vyakula vya kwenda kupika havina kodi. Nikipita na lori nashuka Luverne, mji wa Minnesota, najaza. Ila msifunge safari kwa gari dogo. Nilijaribu, mafuta yakala akiba yote, na mama watoto akachukua kuku wa kuokwa, wa moto. Huyo kodi ipo, kashapikwa.

Mama Neema: @Kaka wa Kakuma nimekusamehe, nusu. Kumbe hata 2004 waliulizwa jambo hili hili wakakataa. @Mzee wa Lori unapita lini tena? Nahitaji gunia la mchele.